Flüeli-Ranft na kikanisa cha Bruder Klaus: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ndugu au rafiki akisikia naenda tena Ranft maswali yanaanza upya, na mengi ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu. Yale yanayonigusa zaidi nimeyajibu kwa urefu, mengine mafupi tu.

Flüeli-Ranft ni wapi hasa?

Ni Uswisi ya kati, kantoni (yaani mkoa) ya Obwalden, juu ya kijiji cha Sachseln kilicho kando ya ziwa la Sarnen. Usitafute kama mji, Flüeli ni kitongoji tu, nyumba chache za mbao, malisho, ng'ombe wenye kengele shingoni, hoteli moja kubwa ya zamani inaitwa Paxmontana iliyojengwa 1896, na milima imekuzunguka kila upande. Flüeli iko juu kwenye jua. Ranft iko chini kwenye korongo la mto Melchaa, ndo kwenye kikanisa ambacho watu wanakifuata. Wengi wanaofika kwa basi wanapiga picha pale juu wanaondoka wakidhani wamefika Ranft, kumbe hawajaiona kabisa. Lazima ushuke.

Bruder Klaus ni nani, mbona Waswisi wanamtaja sana?

Jina lake Niklaus von Flüe, alizaliwa hapohapo Flüeli mwaka 1417. Bruder Klaus maana yake Ndugu Klaus, ndivyo majirani walivyomzoea. Alikuwa mkulima mwenye mali ya kutosha, askari aliyewahi kwenda vitani, diwani na hakimu wa kwao, ana mke na watoto kumi. Sio mtu aliyeshindwa maisha akakimbilia porini. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshajitoa kwenye vyeo vyake kwa sababu alichoka kuona haki inauzwa, na kwa miaka alikuwa na vita ndani yake, usiku anaamka kusali, mchana kazi za shamba, moyo hautulii. Tarehe 16 Oktoba 1467 akaaga nyumbani akaenda kuishi kama mkaapweke. Alifariki 21 Machi 1487. Kanisa lilimtangaza mwenye heri 1649, na Papa Pius XII akamtangaza mtakatifu 15 Mei 1947. Ni msimamizi wa nchi nzima ya Uswisi, na pia ni mmoja wa wasimamizi wa wale walinzi wa Kiswisi wanaomlinda Papa Vatikani. Sikukuu yake Uswisi ni 25 Septemba.

Alienda mbali?

Hili ndo jambo ambalo mimi halinitoki kichwani. Nia yake ilikuwa aende mbali kabisa, akatembea kuelekea Basel, akafika karibu na Liestal, halafu akageuka. Akarudi kwao. Kwanza akakaa kwenye malisho ya juu kule Melchtal, kisha akateremka akatulia Ranft, mahali ambapo ukipanda dakika kumi hivi umeshafika nyumbani kwake kwa mkewe na watoto. Yaani miaka yote ya upweke wake aliishi karibu na mlango wake mwenyewe! Wakaapweke wengi tunaowasoma walienda jangwani, huyu alienda bondeni kwa jirani, na watu wakamfuata hukohuko, wakulima, mabalozi wa watawala, maaskofu, akina mama wenye shida zao. Ukishatembea ile njia kwa miguu yako ndo unaelewa maana yake nini kuacha kila kitu huku ukisikia kengele ya ng'ombe wako mwenyewe.

Kikanisa chenyewe kikoje?

Kwa nje usitegemee makubwa. Ukuta mweupe, paa lenye mteremko mkali, mnara mdogo. Majirani zake ndo walimjengea mwaka 1468, kikanisa pamoja na chumba cha kuishi kilichobandikwa ubavuni, na mwaka uliofuata askofu msaidizi wa Konstanz akaja akakibariki. Kikanisa kimejengwa upya na kukarabatiwa baadaye ila chumba cha mbao ni kilekile, na hapo ndipo pa kukaa.

Unaingia kwa kuinama. Dari iko chini, mtu mrefu hawezi kusimama wima, mbao zimekuwa nyeusi kwa uzee, sakafu imelika na miguu ya karne tano na zaidi, na kuna jiwe ambalo inasemekana alikuwa analiweka chini ya kichwa akilala. Hakuna kingine. Angalia madirisha. Dirisha moja dogo linafungukia ndani ya kikanisa, ukiinama unaona altare moja kwa moja, hapo alikuwa anafuata Misa. Dirisha la pili linafungukia nje, hapo ndipo alipokuwa anaongea na watu wanaokuja. Kaa kidogo katikati ya hayo madirisha mawili ukigeuza shingo huku na huku, utamwelewa kuliko maelezo ya mtu yeyote. Kama kuna kundi kubwa wasubirie watoke, usiingie na watu ishirini ukajibana, pale ni pa mtu mmoja au wawili.

Mbona kuna vikanisa vingi? Nikienda niingie kipi?

Kweli vinachanganya. Kile chenye chumba cha Bruder Klaus kinaitwa kikanisa cha juu cha Ranft. Hatua chache chini yake, karibu na mto, kuna kikanisa cha chini, hicho ni cha 1501, baada ya yeye kufa, mahujaji walikuwa wameshakuwa wengi na kile cha juu hakitoshi. Kina michoro ya zamani ukutani, msanii alichora maisha ya Bruder Klaus, usipite bila kuiangalia. Ng'ambo ya mto kuna Mösli, alikoishi Ulrich, mkaapweke mwenzake aliyekuja kutoka Ujerumani akavutwa na mfano wake. Na kule juu Flüeli, kwenye mwamba katikati ya kitongoji, kuna kikanisa cha Mtakatifu Karoli Boromeo cha mwanzoni mwa miaka ya 1600, hicho ndicho unachokiona kwenye picha nyingi kwa sababu kiko peupe na milima iko nyuma yake.

Ukiniuliza mimi, cha juu cha Ranft kwanza, vingine baadaye.

Aliiacha familia, si ndo dhambi hiyo? Mke alikubali?

Hili swali naulizwa na akina mama zaidi, na ni haki yao kuuliza. Mke wake anaitwa Dorothee Wyss. Walioana Dorothee akiwa binti mdogo sana, wakazaa watoto kumi, wavulana watano wasichana watano, na siku baba anaondoka yule wa mwisho alikuwa bado mchanga wa miezi michache. Niklaus hakutoroka usiku. Aliomba ruhusa ya mkewe, na ilichukua muda mrefu mpaka Dorothee akasema ndiyo. Mtoto wa kwanza wa kiume alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi anaweza kushika shamba, kwa hiyo nyumba haikuachwa na njaa, ila mzigo ule alibaki nao nani? Ni huyu mama.

Kuna msafiri Mjerumani, Hans von Waldheim kutoka Halle, alifika Mei 1474 akaandika alichokiona, na ameandika kuwa alimkuta Dorothee na mwanawe mdogo, akamwona ni mama mwenye sura nzuri bado, ngozi laini. Mimi napenda sana ule ushahidi kwa sababu unamtoa Dorothee kwenye kivuli, ni mtu, ana uso. Na walikuwa wanaonana, mke na watoto walikuwa wanashuka Ranft kwenye Misa. Papa Yohane Paulo II alipokuja Flüeli na Sachseln Juni 1984 alimtaja Dorothee kwa heshima kubwa, na siku hizi mahujaji wengi wanaziombea ndoa zao kwa wote wawili pamoja. Naona ndo sahihi. Utakatifu wa pale Ranft una majina mawili, na ukienda bila kupita kwenye nyumba ya familia kule juu umeona nusu.

Hizo nyumba bado zipo?

Zipo zote mbili na unaingia. Nyumba aliyozaliwa ni ya miaka ya 1300, ni kati ya nyumba kongwe za mbao zilizobaki Uswisi. Ile ya pili aliijenga mwenyewe alipooa, hapo ndipo walipolea watoto. Ni mwendo wa dakika chache kati ya moja na nyingine.

Ni kweli hakula miaka ishirini?

Watu wa enzi zake waliamini hivyo, kwamba kwa miaka kama ishirini hakula wala kunywa chochote zaidi ya Ekaristi Takatifu. Na hawakuamini kijinga tu. Masimulizi yanasema serikali ya Obwalden iliweka walinzi wazunguke bonde kuangalia kama kuna mtu anampelekea chakula kwa siri, hawakumkamata mtu. Yule askofu msaidizi aliyekuja kubariki kikanisa naye akamjaribu, akamwamuru kwa utii ale mkate, na inasimuliwa kwamba alipata shida kubwa kuumeza. Waldheim alikuwa ameambiwa njiani kwamba mkaapweke huyo ana mikono ya baridi kama barafu na rangi ya maiti, alipomshika mkono akakuta una joto la kawaida kama la mtu yeyote, na sura yake ni ya mtu mzima wa afya. Na Bruder Klaus mwenyewe akiulizwa habari ya kula alikuwa anajibu: Mungu anajua.

Mimi nampenda kwa lile jibu. Hakujisifia kufunga kwake hata siku moja, na wala hakuwaambia watu wamwige. Ukienda Ranft kwa ajili ya huo muujiza peke yake utarudi na mabishano tu.

Habari ya kuokoa nchi ni ipi?

Hapa inabidi niwe mrefu kidogo. Mwaka 1481 Uswisi haikuwa nchi kama tunavyoijua leo, ilikuwa ni umoja wa maeneo manane, mengine ya mjini kama Zürich, Bern na Luzern, mengine ya wakulima wa milimani kama Uri, Schwyz na Unterwalden. Walikuwa wametoka kumshinda Charles, mtawala wa Burgundy, wana mali za vita za kugawana, na juu ya hapo miji ya Fribourg na Solothurn inataka kuingia kwenye umoja. Wa vijijini wanaona wa mjini watakuwa na nguvu mno. Desemba wakakutana Stans, vikao vikavunjika, watu wanajiandaa kurudi makwao na kila mtu anajua kinachofuata ni kupigana wao kwa wao.

Usiku ule paroko wa Stans, Heimo Amgrund, akaondoka kwa miguu kwenye baridi ya Desemba mpaka Ranft, ni mwendo wa masaa, akaongea na Bruder Klaus, asubuhi akarudi anatokwa jasho akawakuta wajumbe wanajiandaa kuondoka. Akawazuia akawapa ujumbe. Ndani ya muda mfupi tu wakakubaliana, mkataba wa 22 Desemba 1481, Fribourg na Solothurn wakaingia, na kengele za makanisa zikapigwa nchi nzima kwa furaha. Maneno yenyewe ya Bruder Klaus hayakuandikwa popote, yalitoka kwenye lile dirisha la nje yakafika Stans kwa mdomo wa paroko basi. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika, hana jeshi, hana cheo, lakini pande zote mbili zilimwamini kwa sababu hana anachokitafuta kwao. Mwaka uliofuata akaagiza iandikwe barua kwa viongozi wa Bern kuwashukuru kwa zawadi, ndani yake ndo kuna yale maneno yake maarufu kwamba amani siku zote iko ndani ya Mungu kwa sababu Mungu mwenyewe ni amani. Sisi tunaotoka sehemu ambazo tumeona majirani wakigeukiana tunayasikia hayo maneno kwa uzito wake.

Na ile hadithi ya mkono angani wakati wa vita?

Mei 1940, Waswisi wanasubiri Hitler awavamie, watu wa Waldenburg kantoni ya Baselland walisema wameona mkono mkubwa unaong'aa angani usiku, na wengi wakasema ni mkono wa Bruder Klaus anailinda nchi. Uswisi haikuvamiwa. Baada ya vita ibada kwake ilizidi kukua, na miaka michache baadaye ndo akatangazwa mtakatifu.

Nimeona picha ya kikanisa cha zege cha Bruder Klaus, mbona hakifanani?

Hicho kiko Ujerumani, Wachendorf, alikibuni Peter Zumthor, msanifu wa Kiswisi, kikakamilika 2007. Walisimamisha magogo 112 kama hema, wakamwaga zege kwa nje, halafu wakachoma magogo kwa ndani, ukuta ukabaki na alama na weusi wa moshi. Kimejengwa kwa heshima yake ila si Ranft. Usije ukakata tiketi ya nchi nyingine.

Kuna uhusiano wowote na Tanzania?

Upo, kupitia wamisionari. Baada ya Vita ya Kwanza Wabenediktini wa Kijerumani walipoondolewa, Wakapuchini wa Uswisi ndo walioshika misheni ya Dar es Salaam kuanzia 1921, wakafanya kazi pia pande za Mahenge na Ifakara, na masista wa Baldegg kutoka kantoni ya Luzern nao wakaja. Askofu Mkuu Edgar Maranta aliyeongoza Dar es Salaam kabla ya Kardinali Rugambwa alikuwa Mkapuchini Mswisi. Watu hawa wamelelewa kwenye nchi ambayo Bruder Klaus yuko kwenye sala za kila nyumba ya Kikatoliki. Kwa hiyo mzee wa Ifakara akiniambia jina hilo alilisikia kwa padri wa zamani, naelewa kabisa lilikotoka.

Ile sala yake inasemaje?

Fupi sana, na ukifungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 226 utaikuta. Kwa maneno yangu: Bwana wangu na Mungu wangu, niondolee kila kinachonitenga nawe, nipe kila kinachonisogeza kwako, nitoe kwangu mimi unifanye wako kabisa. Watoto wa Kiswisi wanafundishwa wakiwa wadogo. Ishike kichwani kabla hujashuka, inatembea vizuri na miguu.

Nafikaje bila gari?

Rahisi mno. Treni kutoka Luzern mpaka Sachseln ni nusu saa hivi, pembeni yako ziwa, na pale stesheni unapanda basi la njano la posta mpaka Flüeli, dakika kama kumi. Kutoka Zürich mpaka Luzern ni chini ya saa moja. Mwenye miguu mizuri apande kutoka Sachseln kwa njia ya waendao kwa miguu, saa moja hivi polepole. Wengine wanakuja kwa miguu kutoka Stans, njia ina jina lake na imewekewa alama, na hiyo ni sehemu ya njia ya mahujaji wanaokwenda Santiago de Compostela. Ukitokea Kerns utavuka daraja la mbao lenye paa, mto uko karibu mita 100 chini yako, mwenye kizunguzungu asichungulie.

Kuna kiingilio?

Vikanisa na chumba cha Bruder Klaus hakuna. Weka sadaka, washa mshumaa, inatosha.

Mama yangu ana magoti mabovu, ataweza?

Kushuka ataweza, shida ni kurudi. Njia ina mteremko mkali kwelikweli na ukipanda unapumua. Asiende haraka, kuna sehemu za kukaa. Kama magoti yamechoka kabisa basi abaki juu Flüeli kwenye nyumba ya familia na kile kikanisa cha mwambani, halafu mshuke naye Sachseln kwenye kanisa la parokia, hilo ni sawa chini na ndiko mwili wa Bruder Klaus ulipo, pamoja na kanzu yake. Wala hatakuwa amekosa hija.

Wakati gani mzuri?

Mei mpaka Oktoba. Baridi pia panapendeza ila njia inakuwa na barafu, viatu vya kawaida havifai. Kabla ya Krismasi vijana wa Kikatoliki wanatembea usiku kwenda Ranft, ni wengi sana na mishumaa yao, kama unapenda umati nenda siku hiyo. Kama unataka kimya nenda siku ya kazi asubuhi.

Mimi ni Mlutheri, mwenzangu ni Mwislamu, tutakaribishwa?

Kabisa. Bruder Klaus aliishi kabla ya mgawanyiko wa Wakatoliki na Waprotestanti wakati wa Matengenezo ya Kanisa, na Waswisi wa Kiprotestanti nao wanamheshimu sana kama mtu wa amani. Hakuna atakayekuuliza dini. Ongea taratibu, simu kimya, basi.

Nina masaa mawili tu, nifanyeje?

Shuka basi Flüeli, pitia nyumba ya Dorothee kwanza, hata dakika tano, kisha teremka moja kwa moja mpaka kikanisa cha juu, ingia kwenye kile chumba ukae. Ukibakiwa na muda shuka cha chini uone michoro. Kile cha mwambani kiache kwa siku nyingine, na anza kupanda mapema, basi la kurudi haliji kila dakika na ile njia ya kupanda inakula muda kuliko unavyodhani.